Bi Pumua Aandaa Mazingira

Wodi ya wazazi ilimuaga kwa keki na hotuba ndefu, na kesho yake, jua halijafika hata dirishani, alikuwa amekwisha kufagia nyumba nzima, amepanga vyombo kabatini kwa ukubwa, kisha akavishusha vyote na kuvipanga upya kwa rangi. Mumewe, dereva mstaafu wa mabasi ya safari ndefu, alimtazama kutoka kwenye kiti chake cha karibu na redio.

"Mama watoto, tulia. Kustaafu nako ni kazi, lazima ujifunze."

"Basi nitajifunza," alisema, na hakusema atajifunza nini.

Jina lake la kuzaliwa walilijua watu wa ofisini tu. Mtaani aliitwa Bi Pumua, kwa sababu ndilo neno alilomwambia kila mwanamke aliyepita mikononi mwake, miaka nenda miaka rudi: pumua, mama, pumua. Aliwaambia hata kina baba waliozimia mlangoni. Watoto aliowapokea duniani walikuwa sasa watu wazima wenye ndevu na vitambi, na wengine waliapa kwamba wakikutana naye njiani huvuta pumzi ndefu bila kujua kwa nini.

Sasa, mwishoni mwishoni mwa kazi yake, ile wodi ililetewa kompyuta, na kompyuta ile ilikuwa na neno moja ililolipenda kuliko yote: KOSA. Uandike uzito wa mtoto ukaweka mkato badala ya nukta, kosa. Uandike jina la mama likawa refu, kosa. Siku walipozaliwa mapacha, mashine ilimkubali wa kwanza, ikamkataa wa pili. Kosa, ilisema, mtoto huyu ameshaandikwa.

"Ameshaandikwa vipi na ndiyo kwanza analia?" Bi Pumua aliiuliza mbele ya wauguzi wote.

Kosa, ikajibu mashine.

Tangu siku hiyo alipata kiu ambayo maji hayaikati. Mashine haina kinywa, alijiambia. Kuna mtu mahali fulani kaitia maneno mdomoni. Alitaka kumjua mtu huyo, na ikiwezekana ampe maneno mengine. Ndiyo maana, keki ya kuagwa haijaisha kwenye friji, alivaa viatu vyake vyeupe vya kazini, akaenda kwenye chuo kilichokuwa nyuma ya posta, akajiandikisha somo la utangulizi wa sayansi ya kompyuta.

Darasani aliwakuta vijana watupu. Walimwamkia kwa heshima wakidhani ndiye mwalimu, na alipokaa dawati la mbele akatoa miwani, kukawa na minong'ono. Mkufunzi mwenyewe alikuwa kijana mwembamba aliyezungumza kama mtu anayeachwa na basi.

"Kabla ya kipindi kijacho," alisema akiwa tayari ameshika mlango, "kila mtu aandae mazingira yake. Mpakue lugha, mpakue kihariri cha kuandikia, msakinishe vyote, halafu mwandike programu moja fupi ya kuifanya mashine iseme 'Habari, dunia.' Kazi ya dakika tano tu."

Bi Pumua alikuwa amewasikia madaktari wengi wakiwaambia watu "kidogo tu, hata hutasikia." Alijua dakika tano za wataalamu zina urefu gani.

Jioni alimsimulia mumewe. "Mwalimu anataka kila mtu aandae mazingira kabla ya somo lijalo."

"Si jambo la kushindwa hilo," mzee alisema.

Asubuhi aliamshwa na mlio wa fyekeo. Akatoka nje na khanga begani. Nyasi za uani zilikuwa chini, ua umepunguzwa hadi umefanana na mtu aliyenyolewa kwa hasira, takataka zinafuka moshi kwenye shimo, na mumewe kasimama katikati, jasho linamtiririka, uso umejaa fahari.

"Mazingira tayari," alisema. "Huyo mwalimu anakuja kukagua saa ngapi?"

Bi Pumua alicheka mpaka akakaa kizingitini. Alipopata sauti akamweleza kwamba mazingira yenyewe ni ya ndani ya kompyuta. Ni kama nyumba ambamo ile lugha itaishi.

"Lugha gani?"

"Ya kuzungumza na mashine."

"Wenyewe wanaishi wapi?"

"Haina wenyewe. Hakuna mtu anayeizungumza."

Mzee alifuta jasho kwa mkono wa shati, akafikiri. "Sasa ukikosea nani atakucheka?"

"Mashine."

Alitikisa kichwa, akaenda kuoga, kisha akaenda kwa kinyozi. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama, maana kwa kinyozi habari huingia na nywele zake, ikatoka imenyolewa. Mzee alisema ukweli mtupu, neno kwa neno: mke wangu anajifunza lugha mpya, ameambiwa aandae mazingira kwanza, akimaliza, atahamishia mafaili yake yote huko. Kinyozi alimsikiliza, mkasi ukasimama hewani. Mtu anajifunza lugha, anaandaa mazingira, anahamisha mafaili. Mtu huyo anafanya nini kama si kuhama nchi?

Bi Pumua hakuwa na habari. Yeye alikuwa mezani na kompyuta mpakato ya zamani aliyoachiwa na binti yao. Ilikuwa na kitufe kimoja kilichong'oka, betri yake ilikuwa imekufa kitambo, na ukichomoa waya ukutani ilizimika papo hapo, kama mtu aliyekatizwa neno. Alifungua ukurasa aliouonyesha mkufunzi, akabonyeza.

"Napakua!" alitangaza kwa furaha.

Mumewe aliingia kutoka sebuleni, akanawa mikono, akakaa mezani, akangoja. Baada ya muda akauliza, "Unapakua nini, mbona sioni sahani?"

"Napakua lugha, baba watoto. Chakula bado kiko sokoni."

Mstari wa kijani ulitambaa kwenye kioo kama konokono aliyebeba mzigo wa mwenziwe. Mzee alinyoosha kidole kutaka kubonyeza kitu, chochote, walau aonekane naye yupo. Bi Pumua alimpiga kofi dogo la mkono. "Usiiharakishe. Muda wake haujafika." Alikaa na kiganja juu ya kompyuta iliyokuwa imepata joto, akaingoja kama alivyowangoja wengine maishani mwake. Mwishowe mstari ukafika. Dirisha likafunguka lenye maandishi mengi, naye akabonyeza Endelea, Endelea, Nakubali, Endelea, Maliza, kama walivyofanya vijana darasani kwenye simu zao.

Kisha akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaita lugha yake kwa jina.

Amri haitambuliki, dirisha likasema.

Akaita tena. Haitambuliki. Akaondoa kila kitu, akapakua upya, akangoja upya, akabonyeza Endelea zote upya. Haitambuliki, hakikisha ipo kwenye njia.

"Penye nia pana njia," mumewe alimfariji.

"Nia ninayo. Njia ndiyo haionekani."

Kwenye kundi la darasa la simuni, mkufunzi aliuliza nani yuko tayari. Vijana walijibu mmoja baada ya mwingine, kidole gumba juu: tayari, mwalimu, tayari, tayari. Bi Pumua aliisoma orodha ile akasikia kitu ambacho hakuwa amekisikia tangu alipokuwa mwanafunzi wa uuguzi aliyeshika sindano kwa mara ya kwanza. Aliona aibu. Aliweka simu kifudifudi, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Siku hizo hizo majirani walianza kuwa na tabia za ajabu. Muuza mkaa alimshika mkono kwa muda mrefu kupita kawaida. Jirani wa upande wa pili, fundi wa kufuma, alibisha hodi akiwa na sweta nzito ya sufu, macho yamemlengalenga.

"Pokea, Bi Pumua. Nasikia huko unakokwenda kuna baridi kali."

Bi Pumua alikumbuka kiyoyozi cha chumba cha kompyuta kinavyopuliza. "Kweli kabisa! Wale watu hawana huruma. Nilitetemeka siku nzima."

"Kumbe umeshafika!"

"Mara moja tu. Lakini nitakuwa nakwenda kila wiki."

Jirani aliduwaa, akamkumbatia, akaondoka akiwaza hizo tiketi za kila wiki analipa nani. Bi Pumua aliikunja sweta vizuri, akaiweka kwenye kiti kando ya kompyuta, akashukuru Mungu kwa majirani wenye upendo.

Siku moja kabla ya kipindi, alikuwa ameanza kupakua kwa mara nyingine, mstari wa kijani umeshapita nusu, mlango ukafunguliwa bila hodi. Aliyeingia alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, karani wa mahakama aliyekaa mahakamani mpaka akawa na sauti ya hakimu. Ametoka mji wa jirani kwa basi la kwanza, mkoba kwapani, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema akitazama kompyuta. Kisha akaiona sweta. "Na sweta ameshaandaa!"

"Karibu, wifi. Kaa kwanza, upumzike."

"Sikai! Ndugu yangu yuko wapi? Umemweleza, au utamwachia barua mezani?"

"Yuko uani. Nimweleze nini?"

"Ngoja niwapigie ukoo mzima wasikie." Wifi akatoa simu, akaona imeishiwa chaji, akatazama huku na huko, akauona waya ukutani. Kabla Bi Pumua hajanyanyua mkono, waya ulikuwa umechomolewa, na wa simu umechukua nafasi yake.

Kompyuta ikafa. Mstari wa kijani ulitoweka na safari yake yote.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Bi Pumua alifumba macho akajiambia mwenyewe neno lile. Pumua. Akapumua. Ikabidi apumue tena.

Mzee aliitwa kutoka uani, akahojiwa akiwa amesimama. Je, alisema kwa kinyozi kwamba mkewe anajifunza lugha? Alisema. Je, alitamka maneno "kuandaa mazingira"? Alitamka, na aliyaandaa mwenyewe, kama dada anataka ushahidi atazame nyasi. Na kuhamisha?

"Mafaili, dada. Nilisema mafaili. Hata mimi sijui ni nini."

Bi Pumua alianza kuelewa: mkono wa muuza mkaa, macho ya fundi wa kufuma, ile baridi ya "huko unakokwenda". Kicheko kilimpanda, lakini alipouona uso wa wifi akakimeza.

"Wifi, mimi siendi popote. Nasoma hapo nyuma ya posta. Hii lugha ni ya kompyuta."

"Kila mshitakiwa husema hivyo." Wifi akavuta kiti, hatimaye akakaa. "Nataka kuona kwa macho yangu. Anza upya hiyo shughuli yako, na kila neno linalotokea hapo ulisome kwa sauti. Kila neno! Hata yale madogo ya chini. Nimeona watu wakipoteza nyumba kwa sababu ya maandishi madogo ya chini."

Basi ikawa. Simu ikachomolewa, kompyuta ikarudishiwa uhai, konokono akaanza tena safari yake. Dirisha lenye maandishi mengi lilipofunguka, Bi Pumua alisogeza miwani, akasoma kama anayekula kiapo. Alisoma masharti. Wifi alimsimamisha kwenye neno "mtumiaji" akataka kujua ni nani huyo. Alisoma mahali faili zitakapokaa. Mzee alisinzia. Kisha, chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mbegu za mchicha, kando ya kisanduku kitupu, Bi Pumua akasoma jambo ambalo kidole chake kilikuwa kimeliruka kila mara kikikimbilia Endelea:

"Weka lugha hii kwenye njia."

"Njia!" Wifi alipiga meza, mzee akazinduka. "Si nilisema? Njia ya kwenda wapi?"

Lakini Bi Pumua hakumsikia. Alikuwa ameganda, mdomo wazi. Njia. Ndiko mashine ilikokuwa ikiitafuta lugha yake; ilikuwa ikimwambia siku zote, na yeye alikuwa akiirudisha kwenye mlango uleule. Akaweka tiki kwenye kisanduku kwa upole, kama anayemfunika mtoto. Endelea. Maliza. Akafungua dirisha jeusi, akaita lugha yake kwa jina.

Ikaitika.

Haikusema haitambuliki. Ilitoa alama tatu ndogo ikanyamaza, kama mtu aliyeitikia "naam" na sasa anangoja aambiwe. Bi Pumua aliandika mstari wake, kidole kimoja kimoja, kile kitufe kilichong'oka akikibonyeza kwa ncha ya kalamu. Akatuma.

Kosa katika mstari wa kwanza.

"Mstari wenyewe ni huo huo mmoja!" mumewe alilalamika. "Ingekuwa na adabu ingesema tu, 'mstari wako.'"

Wifi aliinama, pua karibu iguse kioo. "Hapa umefungua alama za kunukuu. Mbona hujazifunga? Hati kama hii hakimu angeirudisha."

Akazifunga. Akatuma tena. Na chini ya mstari wake, kwa herufi nyeupe kwenye weusi, maneno yakatokea: Habari, dunia.

Wote watatu wakainama kusoma. Kisha mzee, ambaye hajawahi maishani kuacha salamu ianguke chini, akaitikia, "Nzuri tu."

"Ndiyo hiyo?" wifi aliuliza. "Nimepanda basi alfajiri, nimekula vumbi, kwa ajili ya salamu?"

"Ndiyo hiyo, wifi."

"Na haisalimii hata watu wa nyumbani. Inakimbilia dunia."

Bi Pumua alifikiri kidogo, akaandika tena, akahakikisha amefunga alichofungua. Mashine ikasema: Karibu, wifi. Pole na safari.

Wifi alisoma mara mbili. Akatafuta leso kwenye mkoba, akasema ni vumbi. Alikaa nao mpaka jioni, na kabla ya kuondoka aliwafanya wawaandikie salamu mtoto wake wa mwisho, marehemu mama yao na hakimu mmoja ambaye hakuwahi kumpenda. Hakimu huyo mashine ilimwambia jambo ambalo halifai kurudiwa hapa.

Kesho yake Bi Pumua aliingia darasani amevaa sweta, kompyuta imefungwa kwenye taulo safi. Mkufunzi akauliza nani yuko tayari kuonyesha. Akauliza tena. Vijana wakayatazama madawati kana kwamba yameandikwa majibu. Mmoja akakiri kwamba mashine yake inasema haitambuliki, mwingine naye, kisha darasa zima likamwagika kama gunia la dengu. Wale wa vidole gumba, wote walikuwa wamedanganya.

Bi Pumua akanyoosha mkono. "Mimi ya kwangu inasema."

Mkufunzi akamkaribisha mbele, wakaunganisha kompyuta yake na kioo kikubwa cha ukutani. Akafungua. Maandishi makubwa yakatokea ukutani, mbele ya watu wote: Tafadhali subiri. Kompyuta inajiboresha. Usizime.

Walisubiri. Mkufunzi akatazama saa, akaanza kueleza jambo jingine, akatazama tena ukutani. Kompyuta ikaendelea tu kujiboresha.

"Jana ilisema," Bi Pumua alieleza kwa upole. "Nina mashahidi wawili. Mmoja ni karani wa mahakama."

Darasa likacheka, naye akacheka nao, na aibu aliyokuwa amekuja nayo kifuani ikabaki kule kwenye kicheko. Kisha akawaambia kuhusu kile kisanduku. Walirudi wote mwanzo, kila mmoja kwenye mashine yake, na chumba kile cha baridi kikajaa sauti za watu wakisoma maandishi madogo. Kijana mmoja wa nyuma alipoanza kupiga kibodi ngumi, Bi Pumua alimwendea. "Pumua, baba," alimwambia. Kijana akapumua. Huenda haikuwa mara ya kwanza.

Somo liliendelea. Ilipofika zamu ya kufundishwa namna ya kuifanya mashine imjibu mtu aliyekosea, Bi Pumua hakunyanyua kichwa. Hatimaye, katika mistari ile, alikuwa amemkuta yule mtu aliyeitia mashine neno KOSA mdomoni, naye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka, aliyeandika neno moja fupi akaenda kula. Katika kazi yake ya mwisho Bi Pumua aliandika programu ndogo ya kupokea uzito wa mtoto. Ukiweka mkato badala ya nukta, ilisema: Si neno, hata mimi huchanganya, jaribu nukta. Na mapacha iliwakubali wote wawili. Mkufunzi alimkata alama kidogo kwa kuwa na maneno mengi.

Siku matokeo yalipotoka alikuwa jikoni akimenya viazi. Alikausha mikono, akasoma simuni, akairudisha kwenye rafu na kuchukua kiazi kingine.

"Umepita?" mumewe aliuliza.

"Nimepita."

"Juu au chini?"

"Katikati."

Mzee alitafakari kwa uzoefu wake wote wa usukani. "Katikati ni pazuri. Wa pembeni ndio wanaoingia mtaroni." Kisha akavuta kigoda, akachukua kisu, akamsaidia kumenya, na maganda yake, kama kawaida, yalikuwa manene kuliko viazi.